Niandikie

Kakangu ni mhasibu, anaishi Nairobi, tunapendana sana lakini tukigusa siasa tu simu hukatika. Novemba 2024 alinitumia meseji ndefu ya Whatsapp imejaa takwimu tupu: mfumuko wa bei ulokuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 umeshuka mpaka 2.7 Oktoba hii, dola ilokuwa imepita shilingi 160 mwezi wa kwanza sasa iko 129, unga umeshuka, petroli imeshuka, halafu mwisho akaniuliza, sasa hawa watu wanataka nini tena? Manake yeye kila akipanda matatu anasikia rais akitukanwa, akienda harusini anasikia Zakayo, yaani Rais Ruto kwa jina la yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, akienda kinyozi Zakayo, na hesabu zake zinamwambia hali ni nafuu kuliko miaka miwili nyuma.

Sikumjibu. Wala si kwa hasira, nilikuwa sina jibu. Nambari zake ni za kweli na mimi naziheshimu nambari, lakini pia mimi ndo nakaa Mombasa na najua hakuna mtu mtaani kwetu anayejihisi ana nafuu. Jumamosi yake nikavuka feri nikaenda Likoni kwa mama nikamuomba anitolee madaftari.

Mamangu ana duka tangu 1991. Si duka kubwa, ni dirisha la nyumba yetu wenyewe upande wa barabara, lina nondo na wavu, mizani, kopo la kupimia mafuta, gunia la sukari, gunia la mchele, unga wa pakiti na unga wa kupima. Mtaa mzima hununua vya kupima, mafuta ya kumi, sukari ya ishirini, majani ya tano, sabuni kipande. Na nusu ya mtaa hununua kwa neno moja tu, niandikie. Mama anafungua daftari, anaandika jina, kitu, bei, mteja anashika mfuko wake anaondoka, akipata atalipa. Madaftari yote ya miaka yote yako kwenye kasha la bati chini ya kitanda chake, yamefungwa kwa mpira, ya zamani kurasa zimekuwa rangi ya chai, na majina mengine humo ni ya watu walokwisha kufa. Huwa anasema deni la marehemu hulidai lakini hulichomi.

Nilichokuwa natafuta ni hiki: kila mwaka ambao watu wetu waliteseka, daftari linasemaje, na mtaa ulikuwa ukimsema vipi rais wa wakati huo. Nilidhani nitakuta mambo yamenyooka, deni likipanda kiongozi anachukiwa, likishuka anapendwa. Haikuwa hivyo hata kidogo.

La 1993 ndilo nene kuliko yote ya zamani, ni madaftari mawili yameshonwa pamoja kwa uzi. Mfumuko wa bei mwaka ule ulifika asilimia 46. Arobaini na sita! Mimi nilikuwa darasa la nne na ninachokumbuka ni mama akibadilisha bei kwenye kipande cha boksi mara mbili ndani ya wiki moja mpaka akachoka kuandika akawa anataja kwa mdomo. Ilikuwaje? Uchaguzi wa Desemba 1992 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, pesa zikamwagwa nchi nzima, vijana wa kampeni ya Rais Moi, YK'92, wakazunguka na mabunda, noti ya 500 watu wakaibatiza Jirongo, jina la kiongozi wao, na huko juu kashfa ya Goldenberg inakausha hazina kwa dhahabu isokuwepo. Moi akashinda na asilimia 36 hivi tu kwa sababu upinzani ulijigawa, Matiba huku, Kibaki huku, Jaramogi huku. Halafu zile pesa zilizomwagwa zikarudi kwetu zikiwa bei. Sasa angalia mpangilio wake, raha ilikuja kabla ya kura na machungu yakaja baada ya kura. Leso na noti mama alipewa Desemba, bei ya sukari akaletewa Machi, na hapo hakuna sanduku la kura la kukimbilia mpaka 1997, na 1997 ilipofika Likoni yetu ikawaka moto Agosti, watu wakauawa, wengine wakakimbia na magodoro vichwani, watalii wakahama pwani, na Moi akashinda tena.

Ndo maana mtu akiniambia njaa huangusha serikali mimi huwa namtazama tu. Njaa ya 1993 haikuangusha mtu. Lakini haikusahaulika pia, na hilo ndo watu wa takwimu hawalioni kwa sababu wao hupima mwezi kwa mwezi. Desemba 2002 Kibaki alipompiga Uhuru, chaguo la Moi, kwa asilimia 62 mama alifunga duka mchana kweupe akapika biriani. Nilikuwa kijana mkubwa sasa, nikamuuliza, mama, Moi mwenyewe hata kwenye karatasi hakuwemo, hii furaha yote ya nini? Akanijibu bila kunitazama, anachambua mchele, "Mimi nalipa ile sukari." Miaka tisa! Alikuwa ameiweka miaka tisa.

Sasa ruka mpaka unga wa serikali, kwa sababu hapa pana jambo la kujifunza. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, ukame umepiga, pakiti ya kilo mbili imefika kwenye mia na hamsini, serikali ya Uhuru ikatangaza ruzuku, unga 90. Watu walipanga foleni, ulikuwa ukiingia unaisha, mama alikuwa akipata pakiti anauza mbili kwa kila mtu ili zienee. Julai 2022 tena, safari hii pakiti imepita mia mbili, zimebaki wiki tatu tu za kampeni, ruzuku ikatangazwa, unga 100. Serikali ile ile, rais yule yule, dawa ile ile. Lakini 2022 haikufanya kazi. Unga wenyewe kwetu ulionekana kama mwezi mwandamo, wengine waliuona wengine hawakuuona, na hata walouona waliununua wakaondoka wakisema huku wakicheka, huu ni wa kura. Mgombea aliyekuwa na baraka za Uhuru alikuwa Raila na kura nyingi za Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru mwenyewe, zikaenda kwa Ruto, akatangazwa mshindi na asilimia 50.49.

Kwa nini dawa iliyokubaliwa 2017 ilikataliwa 2022? Nimefikiria sana hili. Bei peke yake haielezi, manake kwa kila pakiti ruzuku ya 2022 ilipunguza bei zaidi kuliko ya 2017. Mimi nadhani ni yale yaliyopita katikati. Kwetu Mombasa ilikuwa ile amri ya kupeleka makontena Nairobi kwa reli ya SGR, matrela yakasimama, makuli wakakosa kazi, vijana wa klaring, wa kutoa mizigo bandarini, wakafunga ofisi, vibanda vya chakula vya Changamwe na Miritini vikakosa wateja, watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu. Halafu ikaja Korona.

Na Korona hii naomba nikae nayo kidogo.

Machi 2020 ulikuwa mwezi wa kutisha na pia, nisiposema ukweli nitakuwa nimedanganya, ulikuwa mwezi ambao serikali ilipendwa. Uhuru akatokea kwenye tivii tarehe 25 akasema yeye na naibu wake wanakata mishahara yao asilimia 80, mawaziri asilimia 30, anayepata shilingi 24,000 kushuka chini halipi kodi ya mshahara, VAT inatoka 16 inaenda 14. Mtaa wetu hauna watu wengi wa mishahara, faida yenyewe ilikuwa ndogo, lakini watu walikaa pale dirishani kwa mama wakawa wanasema, angalau naye kajikata. Nalikumbuka hilo neno, angalau. Siku mbili tu mbele, tarehe 27, siku ya kwanza ya kafyu, watu wakapigwa virungu na mabomu ya machozi pale kwenye feri, watu wametoka kazini wanataka kurudi makwao, nchi nzima iliona kwenye picha, na bado watu wetu wakasema ni polisi, si yeye.

Hofu huwafanya watu wakusanyike kwa mkubwa kama watoto wakati wa radi. Lakini mkubwa asidhani ule ni upendo wa kudumu. Ni mkopo. Daftari la 2020 kuanzia Aprili ni jina juu ya jina, wahudumu wa mahoteli ya Diani, madereva wa tuktuk, wapika mahamri, mpaka imamu yumo, na mama aliandika wote hakukataa mtu. Halafu habari za KEMSA, shirika la serikali la dawa, zikaanza, za vifaa vya Korona na tenda zake, kisha Januari 2021 VAT ikarudi 16, na mwezi huo huo rais mwenyewe akasema redioni kwamba serikalini zinaibwa shilingi bilioni mbili kila siku. Alisema mwenyewe. Mama alikuwa anapima mchele, akaweka kijiko chini. Sijui wengine walisikia nini lakini mimi naamini siku ile ndo kura ya 2022 ilipigwa kwenye mtaa wetu, si kwa wizi wenyewe manake wizi tunaujua, ila kwamba mwenye nyumba anakwambia wewe mpangaji kuwa nyumbani kuna mwizi kisha anakutazama kama anasubiri wewe ndo ufanye kitu.

Mama ana sheria yake ya deni na nimeisikia tangu utotoni. Anayekuja mpaka dirishani akasema mama leo sina, huyo muandikie tena, hata kama deni lake limefika elfu. Anayezunguka nyuma ya msikiti asionekane, huyo mfungie, hata kama deni lake ni hamsini. Nilidhani ni sheria ya biashara tu. Kumbe alitoka nayo kwao.

Kwao ni Tanga. Aliolewa Likoni mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaondoka Tanzania katikati ya dhiki kubwa kabisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18, miezi 18 ikaisha na mambo yakazidi kuwa mabaya, sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo hakuna, foleni mtu anapanga jiwe lake usiku aende akalale, na unga ni ule wa manjano wa msaada kutoka Marekani watu wakauita Yanga. Mama akishaolewa huku kila akienda kusalimia wazee alikuwa anapenya mpakani na miche ya sabuni na dawa ya mswaki kaivingirisha kwenye leso. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi watu waliogopa mpaka kumiliki, wengine walitupa bidhaa mitoni, na babu yangu alizifukia zile sabuni chini ya mgomba, sabuni tatu za zawadi ya mwanawe. Huyu babu ndiye aliyekufa picha ya Mwalimu iko ukutani kwake.

Mimi hili lilikuwa likinishinda. Mtu amekufikisha pahala unazika sabuni na bado unamtundika ukutani? Mama alinieleza hivi, na namuandika kama alivyosema: "Babu yako alikuwa akisema, Nyerere alituambia ni shida, ikawa shida. Na yeye hatukumuona kunenepa." Basi. Si kwamba babu alipenda foleni, na si kila mtu Tanga alimpenda Mwalimu, wafanyabiashara waloswekwa ndani 1983 wana hadithi nyingine kabisa, na nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa hiyo hata kupima ni vigumu. Sera zenyewe watu walizichoka, Mwinyi alipoingia 1985 akafungua milango wakampa jina la Mzee Ruksa kwa mahaba. Lakini babu alizitenganisha, njaa akaiweka kwa sera, heshima akaiweka kwa mtu. Mtu alikuwa amekuja dirishani akasema sina.

Sasa turudi kwa huyu rais wa kakangu.

Tarehe 13 Septemba 2022 Ruto aliapishwa Kasarani na kwenye hotuba ile ile moja alifanya mambo mawili, na sisi Mombasa tulisikia moja tu. Alisema mizigo irudi kukaguliwa bandari ya Mombasa, na wallahi mtaa ulipiga kelele, watu walikumbatiana barabarani, mimi mwenyewe nilitokwa na machozi. La pili alisema ruzuku za mafuta zimekula bilioni 144, ya unga imekula bilioni saba kwa mwezi mmoja na haikusaidia kitu, kwa hiyo yeye atasaidia mkulima kwa mbolea badala ya mlaji kwa bei. Kesho yake petroli Nairobi ikapanda mpaka 179. Na bado watu hawakukasirika! Hili nalisisitiza kwa sababu ndo kiini chake. Mtu alosimama kampeni nzima akasema mimi ni hasla, nimeuza kuku, najua shida, alipewa mkopo mkubwa sana wa subira. Mama aliniambia, mpe mwaka, mbolea haioti siku moja. Na mbolea kweli ilishuka, kutoka 6,500 mpaka 3,500, kisha 2,500, na mvua ikaja, na unga ukashuka. Kakangu hapo ana haki yake kamili. Ile sera ilifanya kazi.

Lakini njiani Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza VAT ya mafuta kutoka 8 mpaka 16, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ukaingia kwenye mshahara, makato ya NSSF, akiba ya uzeeni, yakapanda, petroli Septemba 2023 ikapita 211, sukari dukani kwetu ikafika 220 kilo, stima juu, nauli ya matatu juu. Raila kaitisha maandamano, watu wametembea na sufuria vichwani. Na wakati huo huo unafungua simu unaona mheshimiwa fulani na saa ya mamilioni, mwingine anaahidi kanisa mifuko ya noti, safari za nje zinafuatana, na Mei 2024 rais anakwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, mafuriko yameua zaidi ya watu mia mbili hapa nyumbani, mpaka yeye mwenyewe ikabidi ajitokeze aseme safari ile haikuzidi shilingi milioni kumi. Labda ni kweli haikuzidi. Lakini hesabu hiyo ilikuja kwa sababu watu walikuwa washaona ndege.

Halafu ndo ukaja ule Mswada wa Fedha wa 2024, mkate ulipe VAT 16, gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, mafuta ya kupikia ushuru asilimia 25. Vijana walikuwa wanausoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, kwenye simu, wanautafsiri, wanausambaza. Kijana mmoja wa jirani, kamaliza chuo hana kazi, alikuwa akija jioni pale dirishani anamsomea mama kwa Kiswahili. Alipofika kwenye mafuta mama akamkatiza, "Mafuta ya kupima pia?" Akamwambia ya kupima pia, mama. Mama akanyamaza. Mafuta ya kupima ndo kitu cha mwisho kwenye nyumba ya maskini, ukishapunguza yote unabakia na mafuta ya kumi ya kukaangia sukuma. Tarehe 18 Juni serikali iliondoa mkate, mafuta na gari kwenye mswada, lakini ilikuwa imechelewa kwa sababu watu walikuwa washajua kwamba kuna pahala watu wazima walikaa mezani wakakubaliana kuiwekea kodi ile kumi.

Tarehe 25 wabunge 195 wakapiga kura ya ndiyo, 106 wakakataa, vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Mombasa nako vijana walikuwa barabarani, na yule kijana wa kusoma mswada alirudi jioni macho mekundu kama pilipili, mama akamuosha uso kwa maji ya chumvi na kumgombeza huku analia. Kesho yake rais akasema hatii sahihi, Julai akavunja baraza la mawaziri karibu lote.

Na sasa ndo lile swali la kakangu, Oktoba imefika, mfumuko 2.7, wanataka nini? Kwanza kuna jambo dogo la lugha, ambalo yeye mhasibu analijua lakini akiwa na hasira analisahau. Mfumuko kushuka si bei kushuka. Sisi watu wa pwani tunajua maji kujaa polepole si maji kupwa. Sukari ilotoka 120 ikaenda 220 ikarudi 150, wewe unaandika imeshuka, mama anayekunywa chai anaandika imepanda thelathini, na wote wawili mko sawa. Pesa ya kununulia yenyewe je? Hilo halimo kwenye nambari zake kabisa, na Oktoba hiyo hiyo mshahara ukakatwa asilimia 2.75 ya SHIF, bima ya afya, juu ya ile 1.5 ya nyumba.

La pili ndo nililitafuta kwenye kasha. Nilifungua daftari la 2024 na la 2020 nikaweka sambamba mkekani. Nilitarajia la Korona liwe kubwa zaidi na ndilo kubwa zaidi kwa jumla ya deni. Lakini la 2020 linakatwa. Unaona jina, unaona deni, halafu miezi mitatu minne mbele mstari umepita juu, amelipa, amelipa, amelipa nusu. Watu walidhani ile ni shida ya muda, wakajikaza. La 2024 majina hayakatwi. Na majina yenyewe si ya watu wale wale. Wa 2020 walikuwa wale wa siku zote, wa kibarua, wa hoteli, wa tuktuk. Wa 2024 wameongezeka watu wa mshahara, muuguzi wa zahanati, karani wa kaunti, askari mmoja. Nikaendelea kushuka na kidole nikafika kwenye jina moja nikasimama.

Mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya msingi. Alikuwa kijana tu wakati anatufundisha, sasa ana mvi. Nikamuuliza mama, huyu amewahi kuandikisha? Akasema hajawahi. Tulirudi nyuma tukafungua yote, 1993 hayumo, 1997 hayumo, mwaka wa Korona hayumo, jina lake la kwanza ni Agosti 2023, unga pakiti moja na majani ya chai. Mama anasema alikuja usiku, akangoja watu waishe dirishani, akazungumza mambo ya timu ya mpira kwanza, ndo akasema. Alipoondoka mama hakuandika mbele yake, aliandika baadaye.

Nilikaa pale nikafikiria yule mtu anayesikia redioni kwamba uchumi umeimarika, na nambari yenyewe ni ya kweli, na yeye ni mwalimu wa hesabu anaielewa kuliko mimi. Kinachomuuma najua si unga. Unga umeshuka. Kinachomuuma ni kuwa miaka thelathini hakuwahi kulisema lile neno, na mtu aliyemfikisha kulisema haji dirishani. Anapita na msafara. Ningekuwa mimi ndiye mshauri wa rais yeyote, wa chama chochote, ningemwambia atafute watu wa namna hii kwanza, walioandikisha mara ya kwanza, kwa sababu maskini wa siku zote anajua kumsamehe mtu, amezoea, lakini huyu hajui hata aanzie wapi.

Nikapiga picha ukurasa ule nikamtumia kakangu bila neno lolote chini yake.

Alipiga simu usiku. Hakutaja mfumuko, hakutaja dola. Aliuliza tu, yule wa mstari wa sita ndiye? Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni ngapi, nikamwambia 3,420, na kabla hatujamaliza kuagana simu ya mama ikalia mezani, Mpesa, elfu tatu mia nne na ishirini. Mama akaivaa miwani, akaisoma ile meseji mara mbili, akalivuta daftari, akashika kalamu, halafu akaiweka tena chini.

"Akija," akaniuliza, "nimwambie nani kalipa?"